Optokapla Niliyoibadilisha Nyololo

Atupele mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana umetoka hapa mlangoni sasa hivi ukiimba, unakwenda Mwanjelwa kusuka nywele za safari. Yangu utaijua ukimaliza kusoma. Ni saa tisa alasiri. Nimefunga chumba cha ufundi, nimesukuma redio za watu pembeni ya meza, nimechukua daftari lako la zamani la hesabu lenye kurasa tupu nyuma. Kesho alfajiri unapanda basi la Dar, keshokutwa ndege, halafu Uchina miaka minne. Wasusi wako hawamalizi chini ya saa tatu. Hizo ndizo saa nilizo nazo.

Sitakuandikia habari za sweta, wala pasipoti uifiche wapi, wala marafiki wa kuepuka. Hayo umeshaambiwa na kanisa zima. Mimi nina jambo moja, nimekaa nalo tangu ukiwa na miaka saba, na kila mwaka nilipojaribu kulitoa nililikuta limekua kuliko mwaka uliopita. Linahusu mkono wa baba yako.

Wewe unajua hivi: baba yako Festo alikuwa anaendesha mashine ya kupasua magogo kiwandani Nyololo. Siku moja akaenda kazini na ulanzi kichwani, akaingiza mkono kwenye mashine bila kuisimamisha, ikamkata vidole vitatu. Akafukuzwa kazi. Akazidi kunywa. Akatuacha. Ndivyo unavyojua, na aliyekufundisha kujua hivyo ni mimi.

Si kweli, Atu. Hakuwa amelewa. Na aliisimamisha.

Umeshasoma, siwezi kufuta. Sasa nieleze taratibu.

Kile kiwanda labda unakikumbuka kwa harufu tu, mbao mbichi na ukungu wa asubuhi. Mimi nilikuwa fundi wa vifaa vya kielektroniki, mwanamke peke yangu katika karakana nzima. Baba yako nilimkuta pale pale. Yeye Mhehe wa maneno machache, mimi Mnyakyusa wa maneno mengi, watu wakasema hawa watagombana kabla ya harusi. Hatukugombana. Alikuwa anachemsha chai ya maziwa nyumbani na kuniletea karakana kwenye chupa, anapita nayo mbele ya wanaume wenzake bila aibu. Walipomcheka alisema, "Mke wangu anashika vitu vidogo, mikono ikiwa baridi vitamdondoka." Nataka umwone hivyo kwanza, kabla ya mashine.

Sasa mashine. Baba yako alikaa kwenye kibanda chenye kioo, mbele yake vitufe. Gogo lilibebwa na toroli la chuma kwenye reli, likapita kwenye msumeno, likarudi, likapita tena. Agizo alilobonyeza lilisafiri kwa waya mpaka kwenye paneli kubwa ya mota, upande wa pili wa banda. Lakini umeme wa mota ni mkali na kibanda kina bodi dhaifu kama za kompyuta. Waya ukiunganishwa moja kwa moja, siku mota ikichachamaa itachoma kila kitu mpaka kwenye vidole vya mwendeshaji. Kwa hiyo katikati huwekwa optokapla. Unaijua, lakini niache niieleze kama ninavyomweleza mteja, maana kosa langu limo humo.

Ni kipande cheusi, kidogo kama punje mbili za mahindi, kina miguu minane. Ndani yake kuna taa ndogo upande mmoja na jicho upande wa pili, wala hakuna waya kati yao. Taa inawaka na kuzimika, jicho linaona, linarudia kile lilichoona upande wake. Ujumbe unavuka, umeme wa hatari hauvuki. Ila jicho haliitiki papo hapo. Taa ikiwaka, unapita muda kidogo ndipo jicho linaitika. Taa ikizimika, unapita muda mwingine ndipo jicho linaacha. Muda huo unapimwa kwa sehemu za milioni za sekunde, na kila optokapla duniani inao. Iliyotengenezwa kwa kazi ya haraka ina kidogo sana. Ile ya polepole inao mwingi, na ubaya wake mkubwa ni kwamba haicheleweshi sawasawa: kuwaka inawahi kuona, kuzimika inasitasita. Basi kama maagizo yanakwenda mbio, giza fupi kati ya mwanga na mwanga linamezwa. Upande wa pili unasoma mwanga mahali ambapo palikuwa na giza. Agizo linafika limeharibika, na paneli ikipokea agizo lililoharibika inalitupa.

Januari ya mwaka ule ulipoanza shule radi ilipiga karibu na kiwanda, ikachoma optokapla ya waya wa maagizo. Niliyoitoa namba yake iliishia na 137. Niliyokuwa nayo kwenye boksi iliishia na 138. Ukiziweka juu ya meza huzitofautishi. Miguu minane, mpangilio karibu ule ule, inaingia kwenye tundu lile lile. Hiyo ya pili ni ya polepole.

Atu, nilijua. Usije ukajiambia mama hakujua. Niliisoma ile namba chini ya lensi, nikaisoma tena, nikajua.

Meneja alikuwa amesimama mgongoni kwangu. Malori ya magogo yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabara kuu. Akasema, "Mama, wanaume wangekuwa wameshamaliza." Alisema kwa utani, wenzake wakacheka. Kwa sababu ya kicheko hicho niliweka ile ya polepole, nikapiga lehemu, nikafunga kifuniko. Nikajiambia nitaagiza ya haraka Dar, ikija nitaibadilisha, siku chache tu mashine itavumilia.

Nikapima. Hapa nisikilize kama fundi mwenzangu. Nilipima asubuhi, paneli ikiwa baridi kama jiwe la mtoni, na nikapima kwa mwendo wa majaribio, ambao ni wa polepole, alama moja inakaa muda mrefu kabla ya nyingine kufika. Kwa mwendo ule hata jicho la usingizi linafuata. Toroli likaenda, likasimama, likarudi. Nikarudisha mwendo wa kazi, ambao alama moja inakaa chini kidogo ya sehemu tisa za milioni za sekunde, nikajaribu mara moja tu. Ikaitika. Nikatoka.

Baba yako alikuwa anangoja mlangoni mwa kibanda.

"Tayari, Baba Atu. Washa."

"Umeipima?"

"Nimeipima."

Hakuuliza tena. Alikuwa akiamini neno langu kuliko macho yake.

Siku ya pili alipokuja na chupa ya chai alisema, "Mama Atu, hii mashine mchana imenisita kidogo. Nimebonyeza, ikachelewa, nikabonyeza tena ndiyo ikakubali."

Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Ni umeme tu unacheza."

Hilo jibu, mwanangu, ndilo linaloniamsha usiku. Tena si sauti yangu ninayoisikia, ni yeye anavyosema "Haya," na kuondoka.

Siku ya tatu, saa nane mchana, gome lilinasa chini ya toroli. Toroli lilikuwa limefika mwisho wa reli, mahali ambapo lenyewe husimama kidogo kabla ya kurudi. Baba yako akabonyeza kitufe cha kusimamisha ili lisirudi. Taa nyekundu ikawaka kibandani. Lakini taa ile iliwashwa na kitufe chenyewe, haikungoja jibu la paneli. Yeye aliona nyekundu, akashuka, akainama kutoa gome. Sheria ilisema mtu azime swichi kubwa ukutani kwanza. Kwa ajili ya gome hakuna aliyezima, hata meneja alikuwa anaona na kupita. Upande wa pili paneli ilikuwa imeshinda na joto la mota tangu asubuhi, na joto linazidisha usingizi wa jicho. Kibanda kilituma agizo la kusimama mara tatu, kufumba na kufumbua. Mara tatu lilifika limeharibika, mara tatu paneli ikalitupa. Toroli likarudi kama lilivyozoea, mkono wake ukiwa chini.

Nilikuwa karakana. Nilisikia mtu akimwita Mungu kwa Kihehe, "Nguluvi! Nguluvi!" na sikuijua ile sauti, nilidhani ni ya mwanamke, kumbe ni baba yako.

Nilimfunga mkono kwa koti langu. Nyuma ya gari, njiani kwenda hospitali, kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu, uso umekuwa wa majivu. Hakulalamika maumivu. Alisema kitu kimoja tu, tena na tena: "Nilibonyeza, Mama Atu. Taa iliwaka. Nilibonyeza."

Nikamwambia, "Nyamaza, usijichoshe."

Baada ya siku chache wakaniita ofisini. Alikuwepo meneja, msimamizi wa zamu, na mgeni kutoka makao makuu mwenye kalamu nzuri.

"Fundi, mfumo wa kusimamisha ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima."

"Uliupima?"

"Niliupima."

Msimamizi akageuka kwa yule mgeni. "Basi hakubonyeza. Na huyu bwana alikuwa kwenye ulanzi wa harusi. Kila mtu anajua."

Harusi ilikuwa Jumapili. Ajali ilikuwa Jumatano. Baba yako Jumapili ile alikunywa vikombe viwili, akarudi nyumbani kabla ya jua kuzama, akakubeba mgongoni mpaka ukalala. Katika chumba kile mtu pekee aliyejua hivyo nilikuwa mimi. Mgeni aliinua macho, akaniangalia mimi mke wake, kama anayesubiri niseme. Nikaangalia mikono yangu. Akaandika.

Wakati huo nilikuwa nashuku tu. Ningeweza kusema mpaka leo kwamba sikuwa na hakika. Lakini baada ya wiki mbili optokapla ya haraka ikafika kutoka Dar, na Jumamosi, mashine zikiwa zimezimwa, niliingia pale peke yangu na osiloskopu, kile chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Nikapasha ile ya polepole joto kwa kusogeza ncha ya kichomeo karibu, nikatuma agizo, nikaangalia kwenye kioo. Ikiwa baridi, jicho lilichelewa kuachia sehemu tatu hivi za milioni. Paneli husoma kila alama katikati yake, kwa hiyo hapo ilikuwa inaponea chupuchupu. Ilipopata joto ikafika sita. Giza likamezwa mbele ya macho yangu. Nilituma agizo la kusimama mara kumi. Yalifika mawili.

Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao. Kisha nikainuka, nikatoa ile ya polepole, nikaweka ya haraka, nikafunga kifuniko, nikafuta alama za vidole kama mwizi. Ile nyingine nikaitupa chooni.

Unataka kujua kwa nini. Nimejiuliza miaka yote hii na kila jibu lina ukweli kidogo. Niliogopa wangesema, "Tulijua tu, si mwanamke huyo." Niliogopa tukose kazi wote wawili, na wewe ndiyo kwanza umeanza la kwanza. Nilijiambia vidole havitarudi hata nikisema. Hayo yote yalikuwemo. Lakini la chini kabisa, ambalo sijawahi kulitamka, ni kwamba nilishindwa kufikiri jinsi atakavyoniangalia. Nikaona afadhali dunia nzima imwangalie yeye vibaya kuliko yeye aniangalie mimi hivyo. Nilimpenda, Atu. Huo ndio upendo niliokuwa nao.

Na bado ningeweza kurudi. Baba yako alinifungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amekaa jikoni, mkono umefungwa bandeji, ananiangalia nikimenya viazi. Akasema polepole, "Mama Atu, ile mashine unaijua wewe. Inawezekana mtu abonyeze na isisimame?"

Alikuwa ananisihi. Si kwamba alinishuku, alikuwa anaomba msaada wa fundi.

Nikasema, "Haiwezekani."

Akatikisa kichwa. "Basi labda sikubonyeza," akasema. "Labda nilidhani tu."

Toka siku hiyo ndipo alipoanza kunywa. Kwa hiyo ulipokuwa mkubwa na kumwona anarudi anayumba, hukuona uongo. Ulimwona mlevi wa kweli. Mimi ndiye niliyesema kwamba ulevi ulitangulia, na wewe ungejuaje? Uliponiuliza kwa nini baba hana vidole, nilikujibu, "Pombe, mwanangu. Pombe ilimponza." Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nakusuka nywele. Ilitoka laini kabisa.

Akaondoka kwenda kwa dada yake, shangazi yako Eliza, kulima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Sisi tukahamia hapa Iyunga. Halafu mahafali yako ya kidato cha nne. Unayakumbuka. Alikuja amenyoa, amevaa koti la kuazima lililompwaya mabegani, amebeba kiroba cha vitunguu vyekundu kwa mkono wake mmoja mzima. Hakunuka pombe siku ile, nilisimama karibu naye, najua. Marafiki zako walikuwa wanapiga picha. Akasema, "Hongera, mwanangu." Ukamwambia, "Mimi sina baba mlevi," ukageuka.

Aliniangalia mimi. Alingoja, kama yule mgeni mwenye kalamu alivyongoja. Nikamwambia, "Umri huo tu, Baba Atu, atakua." Akaweka kiroba chini taratibu, kama chenye mayai, akaenda stendi.

Wewe hukumkosea, nakuomba ulishike hilo. Ulisema nilichokupa useme.

Wiki tatu zilizopita nilikuambia nakwenda Makambako kufuata vipuri. Nilikwenda Ruaha Mbuyuni. Shangazi yako alikuwa amepiga simu: ini limeharibika, tumbo limejaa maji, madaktari wamemrudisha nyumbani. Nilimkuta amekaa nje kwenye mkeka, ameegemea magunia, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Mkono ule ameuweka juu ya paja, wazi, hana haja ya kuuficha tena.

"Kamwene, Mama Atu," akaniamkia kwa Kihehe, kama zamani alipokuwa ananitania.

Nikapiga magoti pale kwenye maganda ya vitunguu, nikamwambia yote. Namba mbili. Kicheko cha meneja. Joto. Osiloskopu. Choo. Hakunikatiza. Joto la kule unalijua, hewa imesimama, malori yanapanda mlima yakilia. Nilipomaliza aliuinua ule mkono, akautazama.

Kisha akasema, "Kwa hiyo nilibonyeza."

"Ulibonyeza."

"Rudia."

"Ulibonyeza, Festo. Mara ya kwanza. Agizo lilitoka. Halikufika kwa sababu yangu."

Akaanza kulia bila sauti, machozi tu. "Unajua mimi nimekaa miaka yote hii nakitafuta kile kitufe?" akasema. "Nikilala nakitafuta. Naona kidole changu kinakwenda, sioni kama kimefika. Mwisho nikakubali kwamba mimi ni mtu wa kuingiza mkono kwenye mashine bila kufikiri. Na mtu wa namna hiyo nikaona hafai kukaa na mtoto."

Nikashika mguu wake. Akausogeza.

"Usinishike. Ondoka, Mama Atu."

"Nisamehe."

"Sijakusamehe. Usiende ukamwambia mtoto nimekusamehe, utakuwa umemdanganya tena." Akavuta pumzi, inamchukua muda kuvuta pumzi sasa. "Ila mwambie nilibonyeza. Asikie kwako, siyo kwangu. Kwangu ataona ni maneno ya mlevi."

Wiki tatu, Atu. Nimeahidi, na nimepita karibu yako kila siku bila kulisema neno hilo. Kila asubuhi nilisema leo. Ulikuwa unafurahi sana. Ulikuwa unapanga nguo, unanionyesha viatu. Jumatatu ulinikuta nimeshika sufuria tupu jikoni, ukaniuliza mama una nini, nikasema nakuwaza. Ilikuwa nusu ya kweli. Mimi ni hodari wa nusu.

Nilijaribu kwanza njia ya kujificha. Nilimtafuta yule msimamizi wa zamu, ni mzee sasa, anafuga ng'ombe Mafinga. Niliandika maelezo yangu yote kwa mkono, nikaweka sahihi, nikampelekea. Aliyasoma akiwa amesimama zizini. Akasema, "Mama, kiwanda kiliuzwa. Wenyewe wameondoka, mafaili walishayachoma. Hii karatasi nimpelekee nani?" Akanirudishia. Akaongeza, tena kwa upole, "Mimi mwenyewe nilisema ulanzi kwa sababu ilikuwa rahisi." Hivyo tu. Nilikuwa nimetegemea ofisi fulani ifungue kitabu, ifute neno moja, na wewe usikie baadaye kama habari. Hakuna ofisi. Kumbe pale ambapo lile neno bado limeandikwa ni kwako tu.

Unakwenda kusomea ufundi wa mitambo ya mawasiliano, na watakufundisha ucheleweshaji wa mawimbi kwa hesabu nzuri kuliko zangu. Mimi nakuachia kidogo nilichokilipia. Kifaa kipime kwa mwendo kitakaofanyia kazi, na kwa joto kitakalofanyia kazi, siyo asubuhi kikiwa baridi ili upate jibu unalolitaka. Mwendeshaji akikwambia mashine imesita, acha unachofanya, nenda naye, hata kama ni mumeo na unamzoea. Na siku ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajakuuliza. Nimejifunza kwamba swali huja mara chache sana. Mimi lilinijia mara tatu tu: ofisini, jikoni, na kwenye mahafali. Baada ya hapo watu hawaulizi tena, wanakwenda zao na jibu ulilowapa, wanaishi nalo.

Sasa ombi. Naandika haraka maana jua limeshageukia upande wa Mbalizi.

Basi lako litafika Ruaha Mbuyuni mchana, saa saba au nane. Mabasi yote ya njia ile husimama pale watu wale. Dakika ishirini. Nyumba ya shangazi yako iko nyuma ya magenge ya vitunguu, upande wa mto, bati jipya la bluu. Mtu yeyote ukimwuliza kwa Eliza atakupeleka. Dakika tano kwa mguu. Ukitaka kukaa zaidi, ndege yako ni keshokutwa usiku, mabasi mengine yapo. Ukitaka kubaki kwenye kiti chako na kuangalia dirisha la upande mwingine, sitakulaumu, na yeye hatajua, maana sikumwambia siku ya safari. Sikuthubutu kumwahidi kitu ambacho ni chako. Ila madaktari walimwambia shangazi yako wiki, hawakusema miezi. Na wewe miaka minne.

Siombi unisamehe. Naogopa hata kuliandika hilo neno baada ya jinsi alivyonijibu. Naogopa utakapoondoka kesho utaondoka na mimi nikiwa mtu mwingine, na utakuwa huna mama wala baba katika siku moja, na utakuwa hewani juu ya bahari huna pa kuegemea kichwa. Nimelifikiria hilo usiku na mchana. Mara mia nimesema basi, aende na amani yake, nimwandikie akishazoea. Na nilikuwa nimepanga, nikuambie ukweli, kuikunja hii barua na kuiweka chini kabisa ya begi, ndani ya kitenge, uikute ukiwa umeshafika huko. Ungeisoma mbali. Ungepiga kelele mbali. Na Ruaha Mbuyuni ingekuwa imeshapita.

Nimeona nilichokuwa nakifanya. Kwa hiyo haiendi kwenye begi.

Nitakupa mkononi jioni hii, kabla hatujala, nikiwa nimekaa mbele yako. Ukitaka kunipigia kelele, nipo. Ukitaka kuniuliza, uliza swali lolote, nitalijibu, hata la tatu na la nne. Ukitaka kulala kwa mama mdogo wako, nitakubebea begi mpaka kwake na sitaingia ndani.

Nakusikia barabarani. Unamwamkia mama wa jirani, anakusifia nywele, unacheka. Samahani kwa mwandiko. Sitaisoma tena kuirekebisha, nikiisoma nitaipunguza.

Baba yako alibonyeza, Atu.

Natoka kukufungulia.

Mama yako